Kiima na Kitenzi: Maswali Magumu ya Upatanisho kati ya Kasungami na Kiswahili Sanifu

Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hakikamiliki bila kutaja kiima chake. Hata nomino isipotamkwa, kiambishi cha mwanzo hubaki pale pale kikibeba nafsi, idadi na ngeli kwa pamoja: anayesikia “kimevunjika” anajua kwamba ni kitu kimoja, cha ngeli ya ki-, na kwamba si mtu. Kanuni ya msingi huelezwa darasani kwa muda mfupi, kwamba kila nomino huvuta kiambishi cha ngeli yake. Ugumu huanza pale kiima kinapokuwa na nomino mbili za ngeli tofauti, au umbo la nomino linapokwenda kinyume na maana yake, au neno moja linapotaja watu wengi. Kasungami, mtaa wa Commune Annexe pembezoni mwa Lubumbashi, maswali hayo yana uzito wa ziada, kwa kuwa mwanafunzi anayajibu akiwa na sarufi mbili kichwani: ya Kiswahili sanifu inayosomwa vitabuni, na ya Kiswahili cha Lubumbashi inayosemwa nyumbani, sokoni na njiani.

Kiswahili sanifu chenyewe hakifuati umbo peke yake. Juu ya ngeli zote kimeweka kanuni moja yenye nguvu kuliko nyingine: kiumbe hai huvuta a- katika umoja na wa- katika wingi, hata nomino yake iwe na kiambishi gani. Ndiyo maana husemwa “kiongozi amefika”, “vipofu wamefika”, “daktari amefika”, “mawaziri wamefika”, “samaki amekufa”. Kwa umbo, kiongozi angevuta ki- na mawaziri wangevuta ya-. Kwa maana wote ni watu, na kitenzi kinafuata maana. Lakini kanuni hiyo haitawali sentensi nzima. Katika “rafiki zangu wamefika”, kimilikishi kinafuata umbo la rafiki kama nomino ya ngeli ya n-, na kitenzi kinafuata uhai wake. Maneno matatu yanayofuatana yana misingi miwili ya upatanisho, na hakuna mzungumzaji anayeona ajabu. Anayetafuta kanuni moja itakayoeleza zangu na wa- kwa pamoja hataipata. Upatanisho wa ndani ya kirai nomino na upatanisho wa kiima na kitenzi ni mambo mawili, na vitabu vingi vya shule vinayachanganya mawili hayo kuwa somo moja.

Uhai nao una mpaka. “Kitoto kinalia” na “jitu limeanguka” ni sahihi, ingawa mtoto na mtu ni viumbe hai. Kiambishi cha udogo au cha ukubwa kimewekwa kwa makusudi ili kumtaja mtu kwa kimo chake au kwa dharau. Kitenzi kikichukua a-, sehemu ya kusudi hilo inafutika. Kwa upande mwingine, “kijana” alishaacha kuhisiwa kama udogo wa neno lolote, basi husemwa “kijana amefika” bila kusita. Neno “maiti” limebaki katikati: “maiti imezikwa” na “maiti amezikwa” yote husikika na kuandikwa. Msemaji wa kwanza ameuona mwili, wa pili bado anamwona mtu. Hakuna sababu ya kumkosoa yeyote kati yao, ila mwandishi mmoja asibadilishe msimamo ndani ya aya moja.

Kiswahili cha Lubumbashi kimechukua kanuni hiyo ya uhai na kuifanya mhimili wa mfumo mzima. Mtu mmoja huvuta a- na watu wengi huvuta ba-: “mutu alikuya”, “batu balikuya”. Kisichokuwa na uhai, kikiwa kimoja, kwa kawaida huvuta i- bila kujali ngeli ya nomino: “kitabu ilipotea”, “mulango ilifungwa”, “kazi iliisha”. Katika wingi, vitu huweza kuvuta bi-, kama katika “bitabu bilipotea”, na i- nayo husikika hapo hapo, “bitabu ilipotea”. Nomino zinazoanza na ma- ambazo hazihesabiki moja moja huelekea i-: “makuta iliisha”, yaani fedha zimekwisha. Vivumishi na vionyeshi hufuata mkondo huo huo wa kupunguza tofauti, ndiyo maana “ile” hukaa na “kitu” na hukaa na “maneno”, na “mingi” hukaa na “batu” kama inavyokaa na “bintu”.

Wapo wanaouita usemi huu Kiswahili kisicho na ngeli. Maelezo hayo si sahihi. Nomino za Lubumbashi zimehifadhi jozi zake, ki- na bi-, mu- na mi-, mu- na ba-. Kilichopungua ni idadi ya viambishi ambavyo kitenzi kinaweza kuchagua. Tena kuchagua kwenyewe kuna makosa yake. Mtoto wa Kasungami akisema “batoto ilikuya” atasahihishwa na mama yake mara moja, kwa sababu amekosea sarufi ya nyumbani. Lugha isiyo na kanuni haina kosa la namna hiyo.

Mfumo huu una historia inayofuatika. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa mashariki ilifika Bunkeya, makao ya Msiri, mtawala mwenye asili ya Unyamwezi aliyeuawa Desemba 1891. Lugha ya mjini ilizaliwa baadaye. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, na mwaka huo huo ikaanzishwa Elisabethville, mji uliokuja kuitwa Lubumbashi mwaka 1966. Wafanyakazi wengi wa miaka ya mwanzo walitoka Rhodesia ya Kaskazini na nchi za jirani yake, kisha kampuni ikawatafuta wengine Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, alionyesha kwamba Wabelgiji walikipendelea Kiswahili kiwe lugha ya kazi, sababu mojawapo ikiwa hofu ya mvuto wa Rhodesia iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Katika kambi za wafanyakazi walikutana watu wa lugha nyingi, wakajifunza Kiswahili ukubwani wao kwa wao, bila mwalimu wa pwani. Watoto wao wakakipokea kama lugha ya kwanza.

Inapendeza kudhani kwamba upatanisho ulipungua kwa sababu ya Kibemba au Kiluba. Dhana hiyo haisimami. Kibemba na Kiluba vina ngeli kamili na upatanisho mkali, ngeli zenyewe zikiwa nyingi kuliko za Kiswahili sanifu. Viambishi ba- na bi- vinafanana sana na vya Kiluba, ndiyo. Lakini hakuna lugha mama ya Katanga iliyompa mtu ruhusa ya kutumia i- moja kwa kitabu, mlango na kazi. Kupungua huko kumetokana na mkutano wenyewe, watu wazima wa lugha tofauti wakihitaji kuelewana leo leo. Walichokitunza ni tofauti ambazo msikilizaji hawezi kuzikisia: ni mtu au ni kitu, ni mmoja au ni wengi. Walichokiacha ni kile ambacho nomino yenyewe ilikuwa imeshakisema kwa kiambishi chake.

Wataalamu wameuchunguza usemi huu kwa miaka mingi. Edgar Polomé aliuandikia makala mwaka 1968, Walter Schicho aliuchambua baadaye kwa Kijerumani, na mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa kitabu kizima cha sarufi, matini na msamiati wake. Kabla ya hao, mwaka 1965, André Yav alikuwa ameandika kwa lugha hiyo historia ya Elisabethville machoni mwa watumishi wa nyumbani. Kwa hiyo anayeanza kufundisha upatanisho Lubumbashi anayo mahali pa kuanzia. Kinachokosekana ni vitabu vya shule vinavyomwambia mwanafunzi waziwazi kwamba anajua sarufi moja tayari na anajifunza ya pili.

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili cha Lubumbashi kimelihifadhi na sanifu haikubali: ngeli ya udogo ya ka- na tu-. “Katoto” ni mtoto mdogo, “tutoto” ni wengi, na kitenzi kinaweza kufuata, “katoto kanalia”, ingawa “katoto analia” nayo haishangazi. Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ni ile ile ya “kitoto kinalia” dhidi ya “kitoto analia”.

Maswali magumu zaidi yanakuja kiima kinapounganishwa kwa “na”. Kwa watu, jibu ni jepesi na ni moja kila mahali. “Mimi na wewe tutaondoka”, “wewe na yeye mtaondoka”, “Ilunga na Kabwe wataondoka”: nafsi ya kwanza huishinda ya pili, na ya pili huishinda ya tatu. Kasungami husema kwa “tu-”, “mu-” na “ba-”, lakini ngazi ni ile ile. Mtu na mnyama hawaleti shida, kwani wote ni viumbe hai: “mvulana na mbwa wake wamepotea”. Mtu na kitu huleta shida ya kweli. “Mwalimu na vitabu vyake wamefika” ni sentensi inayosumbua sikio, kwa sababu inavipa vitabu miguu. Mwandishi mzuri huikwepa kwa kumwacha mtu awe kiima peke yake: “mwalimu amefika na vitabu vyake”.

Vitu viwili vya ngeli moja huchukua wingi wa ngeli hiyo: “kisu na kijiko vimepotea”, “mti na mgomba imeanguka”. Je, “kiti na meza”? Hapa sanifu ina njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza ni kufuata nomino iliyo jirani na kitenzi: “kiti na meza imevunjika”. Njia ya pili ni kuchukua vi-, kiambishi ambacho hapa si cha kiti wala cha meza, bali cha vitu kwa jumla: “kiti na meza vimevunjika”. Eyamba Bokamba, mwanaisimu wa Kongo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Illinois, ni mmoja wa waliolishughulikia suala hili katika lugha za Kibantu, na Lutz Marten aliliandikia makala mahususi kwa Kiswahili mwaka 2000. Ukaribu una nguvu hasa kitenzi kinapotangulia. “Kimepotea kisu na shoka” ni Kiswahili cha kawaida kabisa, kwa sababu msemaji akifika kwenye kitenzi anaona kisu tu mbele yake. Shoka linakuja kama nyongeza. Sentensi ikigeuzwa, “kisu na shoka vimepotea” ndiyo salama. Kwa nomino za dhahania zisizo na wingi, kama haki, usawa na upendo, vi- ndiyo njia inayobaki: “haki na usawa vinahitajika”.

Hapo ndipo sanifu na Lubumbashi zinapokutana bila kujua. Sanifu ikizidiwa na nomino za ngeli tofauti hukimbilia vi-. Lubumbashi imeifanya bi-, ambayo ni dada yake, kuwa wingi wa vitu kwa jumla. Sanifu ikikutana na kiumbe hai huacha umbo na kufuata a- na wa-. Lubumbashi kwa kawaida haina njia nyingine. Mwanafunzi wa Kasungami anayeambiwa aandike “kiti na meza vimevunjika” anaweza kufika huko kwa hatua moja kutoka “kiti na meza bilivunjika”. Mwalimu akilijua hilo, anaanzia somo kwenye kiima cha nomino mbili, ambapo sikio la mtoto linamsaidia, kisha anarudi kwenye kitabu kimoja na ki- yake, ambapo sikio linampinga. Mpango wa vitabu ni kinyume: ngeli moja moja kwanza, mchanganyiko mwishoni kama kuna nafasi.

“Au” ni ngumu kuliko “na”, na si kwa Kiswahili tu. “Wewe au yeye ataenda” hufuata aliye karibu; “mimi au wewe” haikubali kiambishi chochote kwa raha, kwani nitaenda humwacha wewe, na utaenda humwacha mimi. Njia nzuri ni kugawa sentensi, “niende mimi au uende wewe”, na kila kitenzi kitapata kiima chake.

Tena “na” haimaanishi wingi kila mara. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake katika miaka ya 1970, na picha zake, zilizoambatana na mazungumzo yake na Fabian, zilichapishwa mwaka 1996. Mtu akiandika “mchoraji na mwanahistoria huyo alifanya kazi Lubumbashi”, kitenzi ni cha umoja kwa sababu mtu ni mmoja mwenye kazi mbili. Akiandika “mchoraji na mwanahistoria walikutana”, msomaji anaona watu wawili. Kiambishi cha kitenzi, pamoja na “huyo”, ndicho kinachotofautisha habari hizo. Hakuna alama nyingine.

Nomino za makundi zinastahili kuangaliwa kwa muda. Jeshi, kamati, timu, umati, kundi: kila moja ni ya umoja kwa umbo, na kila moja ina watu ndani. Sanifu inapendelea umbo: “kamati imeamua”, “jeshi limeondoka”, “umati umetawanyika”. Uamuzi ni wa chombo kimoja, basi umoja unafaa. Lakini chombo kikianza kufanya jambo ambalo ni watu tu wanaoweza kulifanya kila mmoja kwa nafsi yake, umoja unaanza kubana. “Kamati imegombana” inasikika vibaya, maana kugombana kunataka wawili. Hapo “wajumbe wa kamati wamegombana” inaokoa sentensi. Mjini Lubumbashi mfano ulio hai kuliko yote ni TP Mazembe, klabu iliyoanzishwa mwaka 1939 na iliyocheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010 dhidi ya Inter Milan. “Mazembe ilishinda” na “Mazembe balishinda” zote zinawezekana vinywani mwa mashabiki: ya kwanza inaitaja klabu, ya pili inawaona wachezaji uwanjani. Magazeti ya sanifu huandika “Mazembe imeshinda”, na yakitumia jina la utani la Kunguru, huandika “Kunguru wameshinda”, kwa kuwa ndege ni kiumbe hai na jina hilo ni la wachezaji wote.

Kiingereza, lugha ambayo mwanafunzi wa Kasungami anakutana nayo sekondari na anayoisikia mara tu mpaka wa Kasumbalesa unapovukwa kuingia Zambia, kina mgogoro huo huo juu ya nomino za makundi. Waingereza hukubali kitenzi cha wingi kwa timu au serikali pale wanapowafikiria watu wake. Wamarekani hupendelea umoja. Tofauti na Kiswahili, kitenzi cha Kiingereza kina alama ndogo mno: katika wakati uliopo ni herufi s ya nafsi ya tatu umoja, na kitenzi cha kuwa ndicho pekee chenye maumbo mengi zaidi. Kwa mwenye Kiswahili, alama inayokuja mwishoni na kwa nafsi moja tu ni rahisi kusahaulika, kwani amezoea kiambishi cha mwanzo ambacho kwa kawaida hakikosekani.

Maneno ya kiasi yana mtego unaofanana katika lugha nyingi. “Idadi ya wagonjwa imeongezeka” ina kiima idadi: kilichoongezeka ni hesabu, wagonjwa hawawezi kuongezeka mmoja mmoja. “Idadi kubwa ya wagonjwa wamepona” ina kiima wagonjwa, na “idadi kubwa ya” inafanya kazi ya “wengi”. Kanuni inayosaidia ni kuuliza nani au nini kimefanya tendo hilo. Hesabu haiponi; wagonjwa ndio wanaopona. Kwa msingi huo huo huandikwa “baadhi ya wanafunzi wamefaulu”, “nusu ya wakazi wamehama”, “asilimia 60 ya wakazi hawana umeme”, lakini “asilimia 60 ya mazao yameharibika”: neno la kiasi linakopa ngeli ya kinachohesabiwa. “Mamia ya watu” huyumba, na magazeti huandika “mamia ya watu wamekusanyika” mara nyingi kuliko “yamekusanyika”. Chaguo la wa- ni bora, kwa kuwa wanaokusanyika ni watu. Kifaransa, lugha ya kufundishia Kasungami, kinafuata njia hiyo kwa “la plupart des gens”, ambayo huchukua wingi, lakini “tout le monde” huchukua umoja ingawa inamaanisha watu wote. Anayetafsiri kichwani kutoka Kifaransa huweza kuandika “watu wote amefika”, kosa ambalo halitoki katika Kiswahili cha nyumbani hata kidogo, kwani Kasungami husema “batu bote balifika”.

“Kila” ni kesi ya upande wa pili: maana ni wengi, kitenzi ni umoja. “Kila mtu amepata chakula chake”, “kila mwanamume na kila mwanamke ana haki ya kusikilizwa”. Hata “na” iliyo katikati haikifanyi kitenzi kuwa cha wingi, kwa sababu “kila” inamtenga kila mmoja na kumpa tendo lake.

Kuna pia kiima kisichojulikana. Aliyeibiwa simu husema “wameniibia”, hata kama mwizi alikuwa mmoja. Kasungami husema kwa ba-. Wingi hapa hauhesabu watu. Unasema tu kwamba mtendaji ni binadamu na hatajwi. Kwa Kibemba, wingi una kazi nyingine tena: ba- huwekwa mbele ya jina la mtu mmoja anayeheshimiwa, na kitenzi hufuata kwa wingi. Sanifu haikuichukua heshima hiyo katika kitenzi. Mwandishi wa sanifu huandika “baba amefika”, na heshima huonyeshwa kwa salamu na kwa majina ya udugu.

Kishazi cha urejeshi kinataka uangalifu wa pekee. “Yeye ni mmoja wa walimu waliofukuzwa” inasema kwamba walimu kadhaa walifukuzwa naye akiwemo. “Yeye ni mmoja wa walimu, aliyefukuzwa mwaka jana” inasema kwamba aliyefukuzwa ni yeye. Wahariri wengi hukubali “mmoja wa walimu aliyefukuzwa” kwa maana ya kwanza, kwa kuwa “mmoja” huvuta umoja. Si vizuri, kwa sababu msomaji anaachwa asijue kama wengine walifukuzwa au la, na katika habari za watu kupoteza kazi hilo si jambo dogo. Kuhusu nafsi, sanifu husema “mimi ndiye niliyemwita”: “ndiye” ni ya nafsi ya tatu, na kitenzi kinarudi kwenye nafsi ya kwanza. Lubumbashi husema “miye njo nilimwita”, nayo inashika nafsi ya kwanza. “Mimi ndiye aliyemwita” husikika pande zote, ila inamgeuza msemaji kuwa mtu mwingine katikati ya sentensi yake, na haipendekezwi.

Kiswahili kina namna moja ya kiima ambayo wageni huiona kama kosa, nayo si kosa. Mtu aliyesafiri na ndugu yake husema “tulikwenda na Kabwe”, akimaanisha watu wawili tu, yeye na Kabwe. Kiambishi tu- kimemhesabu Kabwe tayari, kisha “na Kabwe” inamtaja ni nani. Sentensi “nilikwenda na Kabwe” ina habari karibu ile ile, lakini inamweka msemaji mbele na Kabwe nyuma. Mwalimu anayesahihisha “tulikwenda na Kabwe” kuwa “mimi na Kabwe tulikwenda” anaondoa usemi mzuri bila faida.

Kiima kinaweza kuwa tendo au hali. Sanifu hukipa kitenzi-jina ku-: “kusoma kunasaidia”, “kuimba na kucheza kunapendeza”, hata vikiwa viwili, ku- haina wingi, basi inabaki. Lubumbashi huweka i-: “kusoma inasaidia”. Ni rahisi kuiona i- hiyo kuwa uzembe mpaka mtu akumbuke sanifu yenyewe inafanya nini pale ambapo hakuna nomino ya kufuatwa: “inafaa”, “haiwezekani”, “ilinibidi”, “imekuwa vigumu”. Hakuna anayeuliza i- hiyo ni ya ngeli ya nini. Ni kiambishi cha jambo lisilo na jina, na sanifu imekiweka akiba kwa shughuli hiyo. Lubumbashi imekitoa akiba na kukitumia kila siku kwa kila kisicho hai.

Mahali ndipo sarufi hizi mbili zinapokaribiana zaidi. Sanifu hukubali mahali pawe kiima: “sokoni pamejaa watu”, “nyumbani mwao mna wageni”, “Kasungami kuna watu wengi”. Watu wanaotajwa baada ya kitenzi si kiima, ndiyo maana haiandikwi “Kasungami wana watu wengi” ila pale Kasungami inaposimama kwa wakazi wake. Lubumbashi hutanguliza ku, mu na pa kama maneno yanayojitegemea, “ku Kasungami”, “mu nyumba”, na kitenzi huitikia: “ku Kasungami kuko batu mingi”, “mu nyumba muko bageni”. Upatanisho wa ki-, li- na u- umepungua mjini, lakini huu wa mahali umesalia, na mtoto anayesema “mu nyumba muko” hana haja ya kufundishwa tofauti ya ndani na karibu. Anachohitaji kujifunza ni kiambishi -ni cha nyumbani na “mna” ya sanifu.